Karatasi na Walioileta

Tarehe 24 Februari 2009 Kapteni Chesley Sullenberger aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington. Wiki chache kabla ya hapo ndege yake, Airbus A320, ilikuwa imevamiwa na kundi la bata bukini mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja wa LaGuardia. Injini zote mbili zilipoteza nguvu, naye akaitua juu ya mto Hudson, katikati ya New York. Watu wote 155 waliokuwamo walitoka hai. Nchi nzima ilikuwa ikimsifu, na mtu mwingine angeitumia siku ile kushukuru na kuaga. Yeye alizungumzia mshahara. Aliwaambia wabunge kwamba ujira wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, kwamba pensheni aliyoahidiwa ilikuwa imefutwa na mahali pake kuwekwa bima ya serikali iliyofikia sehemu ndogo tu ya ile ya awali, na kwamba hakumjua rubani hata mmoja wa mashirika ya ndege aliyetaka mwanawe afuate nyayo zake.

Pamoja naye alikuwapo Jeffrey Skiles, rubani msaidizi wa safari ile. Skiles hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa ameshawahi kuwa kapteni katika shirika lile lile la US Airways, lakini shirika liliposinyaa alirudishwa kwenye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na mshahara wake ukashuka pamoja naye.

Magazeti yaliandika sana kuhusu bata bukini na kidogo kuhusu mishahara. Kuhusu chama cha wafanyakazi, karibu hakuna kilichoandikwa. Siku ndege ile ilipotua majini, chama kilichowawakilisha Sullenberger na Skiles hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja. Marubani wa US Airways walikuwa wamekiondoa chama chao cha zamani kwa kura mwezi Aprili 2008 na kuweka kingine. Watu waliopoteza karibu nusu ya mshahara na pensheni nzima walichagua wakati ule ule kugombana wao kwa wao.

Ukiitazama kwa mbali, utasema ni ujinga. Mimi naona walikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoeleza jinsi marubani wanavyopima mkataba wa hali bora, yaani ule wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, popote unapoletwa mbele yao. Rubani anayepewa karatasi aipigie kura anaamua mambo mawili kwa mpigo. Anaamua kama hesabu iliyomo inamfaa, na anaamua kama bado anawaamini watu walioileta. Jambo la pili mara nyingi ndilo lenye uzito zaidi.

Tuanze na hesabu. Rubani wa shirika kubwa la Marekani hulipwa kwa saa. Saa zinaanza kuhesabika ndege inapoondoka kwenye maegesho na kukoma inaposimama mwisho wa safari. Kufika mapema, kukagua ndege, kusoma hali ya hewa, kukaa kiwanjani saa tatu ukingoja ndege iliyochelewa: sehemu kubwa ya hayo haimo kwenye saa zinazolipwa, ingawa mikataba huweka kima cha chini cha saa za mwezi ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana ukisikia kwamba rubani analipwa dola mia tatu kwa saa, usikimbilie kuzidisha kwa saa arobaini za wiki. Kanuni za usalama za Marekani zinamruhusu kuruka saa zisizozidi 100 katika siku 28, na 1,000 katika miezi kumi na miwili.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1931 marubani wachache walikutana Chicago, wakiongozwa na David Behncke, wakaanzisha Air Line Pilots Association, chama ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake nne, ALPA. Mwaka uliofuata tajiri E. L. Cord, mwenye shirika la Century, alitaka kuwakata marubani wake mishahara. Ukazuka mgogoro, naye akawaweka wengine mahali pao. Mwaka 1934 Bodi ya Taifa ya Kazi ikatoa uamuzi uliopewa namba 83. Uamuzi huo uliweka ukomo wa saa 85 za kuruka kwa mwezi na kanuni ya malipo iliyojumlisha mshahara wa msingi, saa na maili. Ndege zimebadilika, viwango vimebadilika, lakini saa ya kuruka bado ndiyo kipimo.

Kiasi cha saa moja kinategemea mambo matatu: ndege unayorusha, kiti unachokalia na miaka uliyokaa katika shirika. Na nani anapata ndege gani na kiti kipi? Hapo ndipo inapoingia orodha ya ukongwe. Kila rubani ana namba. Aliyeajiriwa leo anakaa mkiani, na anapanda kadiri walio juu yake wanavyostaafu. Namba hiyo inaamua kama utakuwa kapteni, kama utarusha ndege kubwa za kuvuka bahari au ndogo za kurukaruka kati ya miji, kituo chako kitakuwa wapi, utapata likizo Desemba au Februari, Krismasi utaila nyumbani au hotelini. Shirika likisinyaa, wa mkiani ndio wanaotangulia kutoka, na wa katikati wanasukumwa chini, kama Skiles alivyosukumwa.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwa rubani wa Marekani, kutangulia ndiko kufika, na zaidi ya hapo, namba yake haihamishiki. Daktari bingwa akihamia hospitali nyingine anahama na ubingwa wake, na pengine mshahara unapanda. Kapteni mwenye miaka ishirini akihama kutoka Delta kwenda United anaanzia mkiani, rubani msaidizi mwenye mshahara wa mwaka wa kwanza, chini ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Mwajiri analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Fundi akichoshwa na bosi wake hufunga mkoba akaenda zake. Rubani, kadiri anavyokaa, ndivyo mlango wa kutokea unavyozidi kuwa mwembamba. Zinabaki silaha mbili tu mkononi mwake: kura ya mkataba, na kura ya kuwabadilisha wanaoujadili.

Sheria nayo inamfunga. Mahusiano ya kazi katika mashirika ya ndege ya Marekani yako chini ya sheria ya reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili iwahusu na watu wa angani. Chini ya sheria hiyo mkataba haufi. Unafika tarehe ya kufunguliwa upya, kisha unaendelea kutumika na viwango vyake vya zamani mpaka mpya upatikane, hata miaka ikipita. Kugoma haiwezekani mpaka bodi ya usuluhishi ya taifa itamke kwamba mazungumzo yamekwama, na kisha zipite siku 30 za kutuliza joto. Hata hapo rais anaweza kuingilia. Februari 1997 marubani wa American Airlines waligoma usiku wa manane, na dakika chache baadaye Rais Bill Clinton akatumia mamlaka yake kuusimamisha mgomo. Rubani anayefanya kazi kwa viwango vya miaka minne nyuma, katika shirika linalotangaza faida, hana wa kumrukia. Menejimenti iko mbali, bodi ya usuluhishi iko Washington. Aliye karibu ni mwakilishi wake mwenyewe, rubani mwenzake anayelala hoteli zile zile.

Kwa hiyo karatasi inapofika hatimaye, inafika mikononi mwa watu wenye hasira ya miaka. Kwanza hutoka muhtasari wa kurasa chache wenye rangi nzuri, unaotaja asilimia za nyongeza. Baadaye hutoka mkataba wenyewe, mamia ya kurasa, vifungu vikirejea vifungu. Wajumbe wa kamati ya majadiliano huzunguka kituo hadi kituo, wakikodi kumbi za hoteli karibu na viwanja vya ndege, wakisimama mbele ya wenzao kueleza walichopata na walichoachia. Maswali ya vikao hivyo hayafanani na anayoyafikiria mtu wa nje. Nyongeza ya asilimia kumi na nne hupita haraka. Watu hukaa saa nzima kwenye kifungu kinachosema shirika linaweza kukupigia simu siku yako ya mapumziko na ukalazimika kwenda. Huuliza cheti cha daktari kitadaiwa baada ya siku ngapi za ugonjwa. Huuliza ni ndege ngapi shirika linaruhusiwa kuyapa mashirika madogo ya kandarasi, ambako marubani wanalipwa kidogo, maana kila ndege inayokwenda huko ni viti viwili vinavyotoweka kwenye orodha yao.

Delta mwaka 2015 ni mfano mzuri. Viongozi walileta makubaliano yenye nyongeza ya mshahara ambayo, kwa haraka, ilionekana ya heshima. Lakini sehemu ya nyongeza hiyo ilifidiwa kwa kupunguza mgawo wa faida, na masharti ya likizo ya ugonjwa yakakazwa. Marubani hawa walikuwa wamekubali kukatwa asilimia 32.5 ya mshahara mwaka 2004 ili shirika lisianguke, shirika likaanguka hata hivyo Septemba 2005, wakakatwa tena asilimia 14 mwaka 2006, na mfuko wao wa pensheni ukafungwa. Mgawo wa faida ndio ulikuwa malipo yao ya kusubiri. Kuambiwa sasa, faida ilipoanza kumiminika, kwamba wauze sehemu ya mgawo huo ili wapate nyongeza, waliliona jambo hilo kuwa ni kulipwa kwa fedha zao wenyewe. Asilimia 65 walikataa. Na hawakuishia hapo: uongozi wa chama uliosimamia makubaliano yale ukabadilishwa. Mwaka 2016 waliletewa mkataba mwingine, mgawo wa faida ukiwa umebaki, nyongeza ya jumla ikiwa karibu asilimia 30 hadi mwaka 2019. Asilimia 82 waliukubali.

Sasa hebu tazama United, Novemba 2022. Asilimia 94 walikataa. Mtu akikuonyesha kura yenye matokeo ya namna hiyo utadhani ni uchaguzi wa dikteta, ila huku walikuwa wanasema hapana. Karatasi iliyokataliwa ilikuwa na nyongeza ya zaidi kidogo ya asilimia 14. Kati ya siku ilipotiwa saini na siku ya kura, bei ya rubani ilikuwa imepanda: UVIKO ulikuwa umewastaafisha maelfu mapema, abiria wamerudi kwa fujo, na kijana wa kuziba pengo alihitaji saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa, sharti lililowekwa baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009 iliyoua watu 50. Kila rubani wa United aliyekuwa na simu mkononi alijua kwamba viongozi wake wamekubali bei ya jana.

Waliokuwa na subira walivuna. Machi 2023 marubani wa Delta walipitisha kwa asilimia 78 mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne, wenye kifungu cha kijanja: viwango vyao lazima viwe juu ya vile vya United na American kwa angalau asilimia moja. Maana yake, washindani wakipandisha, Delta nayo inapanda bila kurudi mezani. American ilikuwa tayari imefikia makubaliano na chama chake United ilipotangaza yake yenye thamani zaidi. Ikabidi American iongeze takriban dola bilioni moja kabla kura haijakamilika, na Agosti 2023 asilimia 73 wakakubali. United nao walipitisha wa kwao mwishoni mwa Septemba, asilimia 82, wenye nyongeza ya hadi asilimia 40. Southwest walifunga dimba Januari 2024 kwa nyongeza ya karibu asilimia 50 ndani ya miaka mitano.

Mwaka 2022 kukataa kulilipa. Lakini nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba kukataa hulipa siku zote, au kwamba kufukuza chama ni ushujaa. Hapo ndipo turudi US Airways.

Septemba 2005 US Airways, ikitoka kwenye ufilisi wa pili ndani ya miaka mitatu, iliunganishwa na America West, shirika dogo la Arizona. Shirika likawa moja, lakini orodha za ukongwe zilikuwa mbili. Marubani wa Mashariki, yaani wa US Airways ya zamani, walikuwa wengi, zaidi ya elfu tano, na wazee kazini. Wengi wao walikuwa na miaka zaidi ya kumi na mitano, na bado walikuwa mkiani au nje kabisa wakisubiri kurudishwa. Marubani wa Magharibi hawakufika elfu mbili. Walikuwa vijana, na shirika lao lilikuwa likikua. Pande zote mbili zilikuwa wanachama wa ALPA.

Ungeziunganisha vipi? Watu wa Mashariki walisema: kwa tarehe ya kuajiriwa. Kama mimi nilianza kazi 1988 na wewe 2004, mimi ni mkubwa wako, kwisha. Watu wa Magharibi walijibu: tarehe yako ilikuwa na thamani gani katika shirika lililokuwa linakufa? Wewe ulikuwa nyumbani huna kazi. Mimi nilikuwa ninaruka. Ukiwekwa juu yangu, umekuja kuokolewa na shirika langu kisha ukanipokonya kiti.

Nimelifikiria shauri hili mara nyingi na sijaona upande uliokuwa ukisema uongo. Sera ya ALPA ilikuwa na njia ya kutokea: jadilianeni, mkishindwa mtafutiwe msuluhishi, akishindwa aamue mwamuzi ambaye neno lake ni la mwisho. Mwamuzi huyo alikuwa George Nicolau. Mei 2007 alitoa uamuzi wake. Nafasi 517 za juu aliwapa wazee wa Mashariki waliorusha ndege kubwa. Waliobaki aliwachanganya kwa uwiano wa nafasi walizokuwa nazo. Wale wa Mashariki waliokuwa nje ya kazi wakati wa muungano aliwaweka chini kabisa. Mtu mwenye miaka kumi na saba tangu aajiriwe alijikuta chini ya kijana wa Magharibi aliyeajiriwa miezi michache kabla ya muungano.

Mashariki iliwaka moto. Chama kilikuwa kimeweka utaratibu, utaratibu umefuatwa, na matokeo hayakuvumilika. Hawakuweza kuubadilisha uamuzi. Walichoweza ni kubadilisha chama, kwa sababu walikuwa wengi. Waliunda chama kipya, USAPA, ambacho katiba yake iliweka tarehe ya kuajiriwa kuwa msingi, wakakusanya saini, wakaomba uchaguzi. Aprili 2008 matokeo yalikuwa kura 2,723 kwa USAPA na 2,254 kwa ALPA. Kwa tofauti ya kura chini ya 500, chama kilichoundwa na Behncke kiliondoka.

Kilichofuata ni mahakama. Marubani wa Magharibi walishtaki kwamba chama kipya kilikuwa kinawawakilisha wengi na kuwakandamiza wachache, kinyume cha wajibu wa kumtendea kila mwanachama haki. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama huko Phoenix likawapa ushindi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaufuta, ikisema madai yamekuja kabla ya wakati wake kwa kuwa mkataba wa pamoja ulikuwa bado haujaandikwa. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo, katika awamu nyingine ya shauri, ikasema USAPA ilikuwa kweli imevunja wajibu wake. Muda wote huo mkataba wa pamoja wa mishahara ulishindikana, maana hakuna aliyethubutu kuutia saini bila orodha, na hakuna orodha iliyokubaliwa na pande zote. Marubani wa Mashariki, walioshinda kura, waliendelea kuruka kwa viwango vilivyowekwa wakati wa ufilisi. Hapo ndipo tunamkuta Sullenberger akitoa ushahidi wake. Waliokuja kuwatoa shimoni ni American Airlines, kwa muungano mwingine wa mwaka 2013, na orodha moja ya wote ilitoka mwaka 2016, miaka kumi na moja baada ya muungano wa kwanza. Kwa kuwa marubani wa American walikuwa wengi zaidi, chama chao, Allied Pilots Association, ndicho kilichochukua uwakilishi. USAPA ikafa. (Chama hicho cha American nacho kilijitenga na ALPA mwaka 1963. Historia ya vyama vya marubani ni historia ya talaka.)

Kwa upande wa fedha kura ile ya 2008 ilikuwa hasara, na wengi walijua itakuwa hasara. Waliipiga kwa sababu mshahara unaweza kurudi katika mkataba ujao, lakini namba ikishaandikwa huwa haifutiki. Anayewacheka hajawahi kusubiri kitu kwa miaka kumi na saba kisha akaambiwa arudi nyuma ya foleni.

Huku kwetu mambo yana sura nyingine, ingawa karatasi ni ile ile. Kenya Airways ilizaliwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, ikabinafsishwa mwaka 1996 KLM ikiwa mshirika. Marubani wake wana chama kimoja, KALPA, na nguvu yake inatokana na sheria: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 41, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Rubani wa Nairobi hana mashirika makubwa manne ya kulinganisha viwango vyake. Kuna moja, na serikali ni mwenye hisa mkubwa. Kila mazungumzo ya mshahara yanageuka kuwa mazungumzo ya siasa.

Ndiyo maana mwaka 2016 KALPA haikuwang'oa viongozi wake. Ilitaka kuwang'oa wa upande wa pili. Ilitangaza mgomo ikidai mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, na mkurugenzi mtendaji, Mbuvi Ngunze, waondoke. Mahakama iliuzuia mgomo, lakini kabla mwaka haujaisha Michael Joseph alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti, na mwaka uliofuata Ngunze naye aliondoka.

Mgomo ulioshika vichwa vya habari ni wa Novemba 2022. Ulianza alfajiri ya Jumamosi tarehe 5, na kufikia jioni maelfu ya abiria walikuwa wamekwama katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Madai makuu hayakuwa nyongeza. Wakati wa UVIKO shirika lilikuwa limesimamisha michango yake katika mfuko wa akiba ya uzeeni wa marubani na kuzuia sehemu ya mishahara. Marubani walitaka michango irudi na malimbikizo yalipwe. Hoja yao ilikuwa kwamba mchango huo umo ndani ya mkataba uliosajiliwa mahakamani, na mkataba hauwezi kusimamishwa na upande mmoja. Hoja ya shirika, lililomaliza mwaka ule na hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 38, ilikuwa kwamba fedha hazipo na mgomo ni haramu. Tarehe 8 Jaji Anna Mwaure wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi akaamuru marubani warudi kazini ifikapo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, na shirika lisiwasumbue. Walirudi.

Redioni na katika matatu watu walisema mshahara wa rubani unatosha kulisha mtaa mzima, basi anagomea nini? Swali la haki, lakini halikugusa mgogoro. Kiasi cha mshahara na uhalali wa mkataba ni mambo mawili tofauti. Kama mwajiri anaweza kuacha kuchangia akiba ya anayelipwa milioni kwa kuwa nyakati ni ngumu, ataacha pia ya anayelipwa elfu ishirini, na huyo hatakuwa na ndege ya kuiacha chini ili asikike.

Zaidi ya hayo, rubani wa Kenya ana mlango ambao mwenzake wa Chicago anauogopa: Ghuba. Mashirika ya Dubai na Doha yamekuwa yakichukua marubani kutoka Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kwa mshahara usiokatwa kodi, nyumba na karo za watoto. Lakini huko hakuna kura. Muungano wa Falme za Kiarabu hauruhusu vyama vya wafanyakazi, na Qatar haiwaruhusu wafanyakazi wa kigeni kuunda chao. Mwaka 2020 Emirates ilipunguza marubani kwa mamia, na hakukuwa na kamati ya kuketi nayo wala orodha ya kusema nani atangulie kutoka. Mwaka huo huo Delta ilitaka kupunguza takriban 1,700. Marubani wake walipiga kura kukubali kima cha chini cha saa zao za mwezi kishuke kwa asilimia tano, na upunguzaji ukafutwa. Walipiga kura kujikata mshahara wenyewe, na nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kazi ya chama kinachoaminiwa.

Jambo moja limenishangaza katika kuzifuatilia habari hizi. Sheria ya Marekani haikilazimishi chama kupeleka makubaliano ya mshahara kwa wanachama wayapigie kura. Ni katiba na desturi za vyama vyenyewe ndizo zilizoleta kura za Delta, United na wengine. Nchini Kenya, sheria inadai mkataba uwe wa maandishi, utiwe saini na pande mbili, usajiliwe mahakamani. Sahihi ya katibu mkuu inatosha kumfunga mwanachama ambaye hakuwahi kuuona ukurasa hata mmoja. Walimu, wauguzi, watu wa bandari na wa mashamba ya chai wanaishi chini ya mikataba ya namna hiyo, na wengi huijua siku mshahara unapoingia au unapokosa kuingia.

Kama wewe ni mmoja wao, itafute katiba ya chama chako, usome kifungu kinachosema nani anaidhinisha mkataba wa hali bora kabla haujatiwa saini. Kama kifungu hicho hakipo, kiombe katika mkutano mkuu ujao, na uombe mkataba wenyewe, wote, si muhtasari.